Kiti Nje ya Picha

Mwalimu Opendi alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote, na aliirudia mpaka wanafunzi wake wakawa wanaimalizia kabla hajavuta pumzi. Alisema picha ni kama kikao cha ukoo: kila aliyemo aeleze amekuja kufanya nini. Ndoo, uko nyuma ya huyu mzee kwa kazi gani? Kamba ya kuanikia nguo, nani kakuita? Anayejibu, abaki. Asiyejibu, atoke.

Aguti aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni mjini Tororo, Uganda, na darasa la upigaji picha lilikuwa jipya, limeanza mwaka huo kwa kamera chache zilizotolewa na mwanafunzi wa zamani aliyekumbuka alikotoka. Kamera moja ilitumiwa na watu wawili. Aguti alipangwa na Damalie, binti wa mwenye duka la vipodozi, msichana ambaye hata sare ya shule ilimkaa kana kwamba fundi alimpima yeye peke yake. Sare ya Aguti ilikuwa imewapitia binamu zake wa kijijini Merikit kabla ya kumfikia yeye, na alishukuru tu kwamba kamera humtazama aliye mbele yake, si yule aliyeishika.

Mwanzo ulikuwa wa vichekesho. Walitumwa sokoni wakapige picha za watu, naye akarudi na watu waliokakamaa kama askari wa gwaride, mikono imebana mapajani, macho yametoka. Akaambiwa asogee. Akasogea, akazipata nyuso, na wenye nyuso wakamjia juu. Mama mmoja muuza dagaa aliomba aone. Alikitazama kioo cha kamera, akaguna.

"Miguu yangu umeipeleka wapi?"

Aguti akaeleza kwamba mwalimu ndiye aliyewaambia wasogee.

"Mwalimu wako ananijua mimi? Leo nimevaa viatu, mtoto wewe. Piga na viatu."

Darasa lilipoisikia habari hiyo lilicheka mpaka meza zikatikisika. Mwalimu Opendi alicheka pia, ila akasema mwenye viatu ana haki yake na mwenye kamera ana macho yake, na kazi nzima ya mpiga picha ni kuwapatanisha hao wawili. La kupatanisha Aguti hakulishika. Alishika la macho.

Na macho alikuwa nayo, hilo halikuwa na ubishi. Alijua kungoja jua lishuke ndipo apige, saa ambayo hata ukuta wa udongo hupata sura. Alijua kukata. Picha ya wenzake ikiwa imejaa miti, mbuzi na nusu ya mtu aliyekuwa akipita, yake ilikuwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho kilisema. Siku mwalimu alipobandika ukutani picha yake ya mkono wa fundi baiskeli ukikaza spoki, Damalie alisimama mbele yake, akainamisha kichwa huku na huku, kisha akasema kumbe Merikit nako kunatoka watu. Aguti alijua ni tusi. Alilipokea kama zawadi.

Nyumbani Merikit, mama yake aliitwa Mama Ikwap. Ndivyo ilivyo, mwanamke hubeba jina la mtoto wake wa kwanza, na kila anayemsalimia kisimani au kanisani humtaja mwanawe. Mama Ikwap, umeamkaje. Mama Ikwap, ulezi umeuvuna? Na Ikwap mwenyewe, kaka yake Aguti, alikuwa hajakanyaga uwanja wa nyumba ile tangu baba yao azikwe.

Ikwap alifanya kazi Busia, upande wa Kenya, akikimbiza karatasi za malori forodhani. Wiki aliyofariki baba yao alikuwa amesindikiza mzigo mbali, simu imezimika. Alifika kaburi limekwisha kufukiwa, waombolezaji wanakula. Kila mtu alimwona akishuka kwenye bodaboda na viatu vyake vya mjini. Mama yao hakumpa mkono. Alisimama mlangoni, akaujaza mlango, akasema mbele ya wazee na wakwe na wapishi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

"Baba yako alikungoja mpaka akachoka. Kiti chake nimekiingiza ndani. Hapa huna kiti."

Aguti alikuwa palepale, ameshika bakuli la maji ya kunawisha wageni. Alimwona kaka yake akigeuka na kupanda bodaboda ileile iliyomleta.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, na mgongo wake ulikuwa wa fito nne, moja imeng'oka na kuacha pengo kama la jino. Kikalio kilikuwa kimesukwa upya kwa vipande vya mpira wa tairi, na mguu mmoja umefungwa waya. Baada ya baba, kiti kile kilipaswa kuwa cha Ikwap. Tangu siku ya mazishi kilikaa nyuma ya mitungi, na hakuna aliyekikalia, hata paka alifukuzwa.

Neno la namna ile ukilitema mbele ya watu, huna namna ya kulirudisha mdomoni bila kuonekana unakula ulichotapika. Mama hakumtaja tena mwanawe, ingawa majirani walimtaja kutwa mara mia kwa niaba yake. Ikwap naye alimpigia simu Aguti wakati wa likizo tu, na mazungumzo yao yalizunguka mvua na masomo kama kuku anayezunguka mahali pa kutagia.

Likizo ya mwezi wa nane alizunguka hivyo hivyo, kisha akakohoa.

"Muulize Mama kama naweza kuja Krismasi," alisema. Halafu upesi, "Usimwambie mimi nimeuliza. Muulize tu."

Aguti aliuliza jioni hiyo, mama yake akipepeta ulezi. Ungo ulipanda, ukashuka, makapi yakaruka. Mama hakujibu. Hakujibu kesho yake wala kesho kutwa, na Aguti akaona basi, limekufa.

Mwalimu Opendi alikuwa ameruhusu kamera ziende nyumbani likizo ile. Kazi ilikuwa kupiga picha ya mtu mmoja wa nyumbani. Nusu ya likizo ilikuwa ya Damalie, nusu ya Aguti. Zamu yake ilipofika, alasiri moja, mama yake alioga mapema, akavaa gomesi yake ya zambarau, gauni lake refu la kanisani, akasema, "Leta hiyo kamera ya shule."

Kisha akaingia ndani, akasogeza mitungi, akatoka amekibeba kiti. Alikipangusa kwa kitambaa kibichi, mgongo, miguu, hata chini ya kikalio ambako hakuna atakayeona. Akakiweka kando ya mlango, kimeelekea njia. Akasimama karibu nacho bila kukigusa, mlango wazi nyuma yake.

Aguti alitazama ndani ya kamera, akakunja uso. Kiti kilikuwa kikipiga kelele.

"Mama, hicho kinaharibu. Nikiondoe?"

"Kiache."

"Basi kikalie, tuone."

"Si changu kukikalia. Piga."

Akapiga. Jua lilikuwa limeshuka hasa, likitokea ubavuni, na mama yake aliitazama kamera bila kutabasamu, kama mtu anayemtazama mwingine akija kwa mbali na hataki kuonekana kwamba amemwona. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Alijua hivyo kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe.

"Mtumie kaka yako," mama alisema, tayari amegeuka kwenda kuvua gomesi. Mlangoni akasimama. "Mtumie ilivyo."

Aguti akaitikia. Alikuwa akiukuza uso wa mama kwenye kioo, na tayari alikuwa akiuona ukutani, Tororo.

Shule ilipofunguliwa walikaa kwenye kompyuta za darasa, kila mmoja akifungua kazi yake. Picha ya Aguti ilipojaza kioo, minong'ono ilikatika. Kisha Damalie akacheka kwa pua.

"Na hicho ni kiti, au ni mgonjwa katoroka hospitali na bandeji zake?"

Watu walicheka. Aguti aliuona waya kwenye mguu wa kiti, akaziona tairi, akaona nyumba yao yote, mpaka nyuma ya mitungi, imeanikwa mbele ya binti wa vipodozi. Mwalimu Opendi hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi karibu yake, akaelekeza kalamu kwenye kioo.

"Hiki kiti, Aguti. Kinafanya nini hapa?"

Hakuuliza kwa ubaya. Baadaye, mara nyingi, Aguti alikuja kuikumbuka sauti ile na kukiri kwamba mwalimu alikuwa akiuliza kweli, kama mtu anayebisha hodi na kungoja. Jibu lilikuwepo. Lilikuwa kooni, karibu kabisa, limekaa pamoja na bakuli la maji na viatu vya mjini na mlango uliojaa mama. Lakini kulitoa pale, mbele ya kicheko cha Damalie, kungekuwa kumwita baba yake afe tena darasani.

"Hakifanyi kitu, mwalimu," alisema.

Mwalimu akarudisha kalamu mfukoni. Akainuka.

"Kama hakifanyi kitu, unajua la kufanya."

Akakata. Upande wa kushoto wote ukaenda, kiti na kipande cha uwanja. Akabana na upande wa pili, mlango ukabaki weusi mwembamba nyuma ya mabega ya mama. Uso sasa ulikuja mbele kama uliokuwa ukingoja nafasi. Akabonyeza kuhifadhi, jina lilelile, juu ya picha ileile, na kompyuta ikafanya kama ilivyoambiwa, ya kwanza ikafutika. Kadi ya kamera ilikuwa imekwisha kusafishwa, kwa kuwa Damalie alikuwa na kazi yake ya kupiga. Hayo Aguti hakuyafikiria wakati huo. Alikuwa akisikiliza kimya cha darasa, kimya kizuri.

Mwalimu aliwaruhusu kutumia simu yake kuwatumia watu picha zao, kwani aliamini picha ni ya aliyepigwa kabla haijawa ya aliyepiga. Aguti alimtumia Ikwap. Chini yake akaandika: *Mama, Merikit. Nimepiga mimi, na mwalimu ameisifu sana.* Kabla ya kubonyeza akajiambia ni ileile tu, ni mama yuleyule.

Ikwap alijibu neno moja: *Nimeona.*

Aguti akalichukua kuwa ni sifa.

Krismasi ile mama yake alipaka nyumba udongo mpya, akafagia njia mpaka kwenye barabara, akachinja jogoo aliyekuwa akimwekea mgeni. Kiti kilikuwa nje tangu asubuhi. Watu wa kanisani walipita, Mama Ikwap, Krismasi njema, naye akawaitikia, macho yake yakiwapita mabegani. Jua lilipozama alikichukua kiti, akakirudisha nyuma ya mitungi. Aguti alisema huenda malori ni mengi msimu huu. Mama akasema huenda.

Muhula wa kwanza wa mwaka mpya ulikuwa na siku ya wazazi, na darasa la picha lilipewa ukumbi wa kulia chakula. Mwalimu Opendi alikuwa amezipeleka picha bora zikachapwe kubwa, na ya Aguti ndiyo iliyowekwa mbele ya mlango, ili kila aingiaye aanze nayo. Wazazi waliikusanyikia. Mzee mmoja mwenye tai alisimama muda mrefu akisema kuna kitu hapo chini, mistari ya kivuli kwenye pindo la nguo, inatoka wapi? Hakuna kitu cha kutupa kivuli hicho. Fumbo zuri, alisema, huyu mtoto ana akili. Aguti alitazama, akaona kwa mara ya kwanza kwamba kivuli kilikuwepo. Kwenye kompyuta kilikuwa hakionekani. Alipokea sifa za fumbo pia.

Mama yake alifika na mfuko wa viazi vitamu na karanga za kuchemsha, amevaa gomesi ileile ya zambarau. Watu walimtambua, wakampisha. Damalie mwenyewe alimshika mkono, akamwita Mama, akampeleka mbele.

Mama aliitazama picha yake. Aguti alingoja atabasamu. Alimwona akitazama uso wake mwenyewe kidogo tu, upesi, kama mtu anayemsalimia jirani akiwa na haraka ya kwenda kwingine. Kisha macho yakahamia kushoto. Yakafika mwisho wa karatasi, yakasimama. Yakarudi, yakaenda tena.

"Kiti kiko wapi?"

"Mama, mwalimu alisema…"

Mama alinyoosha mkono. Kidole chake kikatua kwenye pindo la gomesi, pale ambapo kivuli kilikuwa kimelala: mstari, mstari, pengo, mstari.

"Kivuli chake hiki hapa. Chenyewe kiko wapi?"

Aguti akasema alikikata. Sauti ilitoka ndogo. Mama hakuonekana kusikia. Alikuwa bado anapapasa karatasi.

"Hii ndiyo uliyomtumia kaka yako?"

"Ndiyo."

"Hivi? Mimi nimesimama mlangoni, na hakuna kiti?"

Aliweka mfuko wa viazi chini polepole, kama aliyegundua sasa hivi kwamba ni mzito. Alipozungumza alizungumza na picha, si na binti yake.

"Kumfukuza nilimfukuza kwa mdomo, mbele ya watu. Kumwita, mdomo ukakataa. Nikasema basi, kiti kiende kimwambie. Wewe ukaniacha nimesimama mlangoni kama siku ile."

Aguti akamshika mkono, akasema watapiga nyingine, kesho ni Jumamosi, ataomba kamera, watakitoa kiti tena na kumtumia siku hiyo hiyo. Mama aliutoa mkono wake bila hasira.

"Kiti hutolewa mara moja, Aguti. Anayekitoa kila siku ni fundi seremala, anatafuta wateja."

Na akaenda kukaa na wazazi wengine, akala chakula cha shule, akaitikia kila aliyempongeza.

Simu ya Ikwap iliita mpaka ikachoka. Aguti aliipiga kwa simu ya Mwalimu Opendi jioni ile, na asubuhi akaipiga tena. Alikuwa amemweleza mwalimu yote, bakuli la maji na yote, na mwalimu alisikiliza akiwa amevua miwani. Alisema tu, "Nilikuuliza, mtoto wangu." Akamwandikia ruhusa ya kusafiri, akaibandua picha ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja kama bomba, akaifunga uzi na kumpa.

Busia ilikuwa Busia: foleni ya malori imelala tangu mbali kama kiwavi, wabadilisha fedha na mabunda yao, bodaboda zikipenya pale ambapo hata neno halipenyi. Mmoja alimsimamishia pikipiki. "Wewe nakwenda Kenya ama nabaki?" Aguti akasema anavuka kwa miguu. Upande wa pili aliuliza, akaelekezwa, akaulizia tena, mpaka akafika kwenye kibanda cha mabati kando ya maegesho ya malori. Nje yake kijana mmoja alikuwa akila muhogo. Jina lake Chrispinus. Alimtazama Aguti, akaacha kutafuna.

"Huyu ni wa Ikwap," alisema. "Hata hiyo kukunja uso ni yake kabisa. Una bahati, sista, lori lake linatoka saa hii. Ungechelewa kidogo ungesalimiana na vumbi."

Aguti akauliza lori gani. Chrispinus akashangaa kwamba nyumbani hawajui. Ikwap aliacha kazi ya karatasi baada ya Krismasi, alisema. Amepata kuendesha, mzigo wa Juba, na tajiri wake anataka dereva wa kukaa hukohuko, si wa kwenda na kurudi. Zamani alikuwa akiikataa kazi hiyo. Alikuwa na safari yake ya nyumbani, alimnunulia hata mama yake gomesi, wakamcheka kijiweni kwa namna alivyokuwa akiikunja na kuikunjua. Kisha siku moja akampa Chrispinus gomesi hiyo. "Mama yangu anaivaa, huko Matayos. Nilimuuliza sababu, akasema haina mwenyewe."

Ikwap alikuwa akikaza kamba za turubai. Alipomwona dada yake alishuka, akamkumbatia kwa bega moja, mikono yake ikiwa na grisi. Alikuwa amekonda, na ndevu alizofuga zilikuwa za baba yao. Aguti akafungua uzi, akaikunjua picha juu ya gurudumu la lori.

"Hii nimeshaiona," Ikwap alisema.

"Kiti kilikuwepo. Mama alikitoa. Alikipangusa, akakiweka pale. Mimi ndiye niliyekikata."

Aguti akamwekea kidole kwenye pindo la gomesi, palepale mama alipoweka chake. Kaka yake akainama. Akahesabu kwa midomo bila sauti, fito, fito, pengo, fito. Aliinama muda mrefu hata Chrispinus akaacha utani na kugeukia muhogo wake.

"Unajua nilikitafuta?" alisema mwishowe. "Picha ilipofika, kabla ya kumtazama yeye, nilitafuta kiti. Namjua Mama, sikungoja maneno. Niliikuza mpaka ikawa madoa. Nikaona amesimama mlangoni. Nikasema sawa, nimejibiwa."

"Sikujua kama ndiyo maana yake."

"Ulijua, Aguti. Ulikuwepo. Ulishika bakuli la maji."

Hakumpazia sauti. Angempazia ingekuwa nafuu. Aguti akalia, naye akamwacha alie, akampa kitambaa kilichokuwa na grisi kuliko mikono yake, wakacheka kidogo kwa hilo, kicheko kisichofika mbali. Aguti akamwuliza kama hawezi kulikataa lori, akapitie Merikit kwanza, hata kwa usiku mmoja. Ikwap akatazama mzigo, akatazama foleni iliyokuwa imeanza kusogea. Alisema ameshatoa neno lake kwa mtu, na mtu huyo alimwamini wakati yeye hakuwa na pa kwenda.

"Na nikifika, nitakalia nini? Kivuli?" Halafu akajuta, ilionekana usoni. Akaikunja picha taratibu, akaifunga uzi, akapanda na kuichomeka nyuma ya kiti chake cha udereva, pale madereva wengine huweka blanketi. "Mwambie Mama nimekiona kivuli."

"Hilo tu?"

"Mwambie hilo."

Lori likanguruma, likaondoka kwa mwendo wa kobe, na Aguti angeweza kutembea kando yake mpaka mbali sana kama angekuwa na la kusema.

Merikit alifika jua likiwa limeshuka, saa ambayo angeichagua. Mama yake alikuwa nje, kando ya mlango, akichambua karanga za mbegu kwenye ungo. Alikuwa amevaa kanga ya kazi. Aguti alikuwa ameshamwamkia ndipo alipoona alichokalia. Alikuwa amekikalia kiti, mgongo wake umeegemea fito, kana kwamba kimekuwa chake siku zote.

"Umempata?"

"Nimempata."

Mama akatazama mikono yake mitupu. "Picha?"

"Ameichukua. Anakwenda Juba na lori. Atakaa huko."

Karanga nzuri zilikwenda upande huu, zilizooza upande ule. Mama aliuliza kama amekonda, na Aguti akasema amekonda, na ana ndevu za Baba. Ungo ukatulia kidogo, ukaendelea.

"Amesema nini?"

"Amesema amekiona kivuli."

Mama akangoja. Aguti alijua anangoja kipande kilichobaki, na mdomo wake ulikuwa na maneno tayari, maneno madogo ya kujaza pale palipo wazi: kwamba atarudi, kwamba amesema Krismasi ijayo. Ikwap hakuyasema. Na Aguti alikuwa amekwisha kumrekebishia mama yake picha mara moja.

"Hilo tu, Mama."

"Haya." Mama akainua karanga moja, akaielekeza kwenye jua, akashindwa kuiona. "Sogea basi. Unanizibia mwanga."

Aguti akasogea. Jua likapita aliposimama, likaangukia ungo na mikono ya mama yake, na nyuma yao kivuli cha kiti kikanyooka kwenye uwanja uliofagiliwa. Pengo la fito halikuonekana. Mgongo wa mama ulikuwa umeliziba.